Trekta la zamani la milioni 16: bei yake halali inapatikanaje?

Swali: "Nina ekari 12 Kahe, kusini mwa Moshi, nalima mahindi na maharage. Kila msimu nakodi trekta, na mara nyingi linafika mvua zikiwa zimeshapita. Nimeonyeshwa Massey Ferguson 135 pale Boma Ng'ombe. Limepigwa rangi upya, linawaka, na dalali anataka Sh milioni 16 bila plau. Mimi si mtu wa mashine. Bei hiyo ni ya haki? Na niangalie nini kabla sijatoa fedha?"

Ndugu yangu wa Kahe, kwa maelezo hayo peke yake hakuna awezaye kusema kama milioni 16 ni haki au si haki. Atakayekuambia kwa simu "chukua, hiyo bei nzuri" usimsikilize. MF 135 zilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na uzalishaji wake pale uliisha katika miaka ya 1970. Lolote unaloliona leo limeshapita mikono mingi na mafundi wengi. Mawili yaliyotoka kiwandani wiki moja yanaweza leo kupishana bei mara mbili, kwa hiyo mwaka wa kutengenezwa haukusaidii kitu, na rangi ndiyo kabisa. Unachonunua ni kazi iliyobaki ndani ya lile chuma. Bei yake ni bei ya MF 135 inayolima kutwa bila kulalamika, ukitoa gharama ya kulifikisha hili kwenye hali hiyo, ukitoa tena kitu kidogo kwa ajili ya yale ambayo hukuweza kuyaona. Hesabu yenyewe nimeiweka huko chini. Kwanza tujue kama hili ndilo trekta linalokufaa.

Kwa sehemu kubwa linakufaa. Injini yake ni Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, yenye nguvu ya farasi 45 hivi ilipokuwa mpya. Ni injini nyepesi kuielewa, na karibu kila fundi wa matrekta kuanzia Himo hadi Karatu ameshaifungua. Jambo kubwa zaidi ni spea. India na Pakistan waliendelea kutengeneza Massey za ukoo huu kwa leseni muda mrefu baada ya Uingereza kuacha. Millat wa Lahore na MF 240 yao ni mfano mmoja, TAFE wa Chennai ni mwingine. Ndiyo maana pistoni, klachi, sili na nozeli zake unazipata madukani Arusha na Moshi bila kuagiza ng'ambo. Trekta la kampuni nyingine lenye umri huohuo linaweza kuuzwa nusu ya bei, kisha likakaa miezi mitatu chini ya mwembe likisubiri kifaa kimoja. Hapo urahisi wake umeisha.

Ukionyeshwa kaka yake mdogo, MF 35, hesabu nozeli (vipulizia dizeli, kimoja kwa kila silinda) kabla ya kuuliza bei. Zikiwa tatu, hiyo ni Perkins na mnaweza kuendelea kuzungumza. Zikiwa nne na ni ya dizeli, hiyo ni injini ya Standard iliyofungwa kwenye matoleo ya mwanzo, kabla ya 1960. Ilijulikana kwa ugumu wa kuwaka, na spea zake ni za kutafuta kwa tochi. Iache.

Sasa kuhusu shamba lako. Trekta la ukubwa huu livute plau ya diski mbili. Udongo mzito wa tambarare ya Kahe ukilifungia diski tatu utalimaliza klachi na tairi kabla ya msimu kuisha. Diski mbili zinakata upana wa karibu nusu mita. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa unapata mita za mraba 2,500 kwa saa, na ukiondoa muda wa kugeuza unabaki na 1,900 hivi. Ekari ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo kwa saa nane utalima ekari tatu na nusu hadi nne. Dizeli itakuwa kati ya lita 10 na 13 kwa ekari, kutegemea ugumu wa udongo na kina unachotaka. Maana yake ekari zako 12 zinaisha kwa siku nne, na siku nyingine zote za mwaka trekta limesimama. Kama huna mpango wa kulimia majirani au kulifungia tela la kubeba mazao, weka gharama unayolipa sasa kwa kukodi pembeni ya bei ya trekta, kisha uangalie itachukua miaka mingapi. Kuwahi mvua kuna thamani yake, na mkulima wa Kahe anaijua kuliko mtu yeyote, ila thamani hiyo nayo iandike kwa shilingi.

Siku ya kwenda kuliona

Nenda na fundi wako unayemlipa wewe, asiyetoka kwa dalali. Mwambie dalali mtafika saa moja asubuhi na trekta lisiwashwe kabla yenu. Mkifika, weka kiganja kwenye bloku na kwenye rejeta kabla hata ya salamu kuisha. Vikiwa vya moto, limeshapashwa. Rudini siku nyingine. Injini iliyochoka inapowashwa ikiwa na joto huficha karibu magonjwa yake yote, na wauzaji wanalijua hilo.

Kabla ya stata kuguswa, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si tatizo, dizeli zote huifanya nyeusi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani: gasketi ya hedi imeungua, au hedi ama slivu (bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) imepasuka. Oili iliyopanda juu ya alama ya mwisho na inayonuka dizeli ina habari nyingine. Katika injini hii pampu ya dizeli ni ya CAV aina ya DPA, na sili ya shafti yake ikiisha, dizeli huingia kwenye oili ya injini. Pampu ndogo ya kuvuta dizeli kutoka tangi nayo ikipasuka mpira wake hufanya hivyohivyo. Sili yenyewe ni ya bei ndogo, lakini injini iliyoendeshwa miezi kadhaa na oili iliyozimuliwa kwa dizeli imeshakula beringi za krenki, ile shafti kuu ya injini. Ukikuta hali hiyo, hesabu krenki kuwa imeharibika mpaka ithibitike vinginevyo.

Fungua mfuniko wa rejeta ukatazame kama kuna mafuta yanayoelea. Kisha mwambie fundi afungue bakuli la chujio la hewa. Kwenye nyingi za MF 135 chujio ni la oili: hewa inapita juu ya oili iliyo kwenye bakuli na vumbi linabaki humo. Watu wengi hawalifungui kabisa, na hapa ndipo utajifunza zaidi kuhusu mwenye mali kuliko maneno yake yote. Ukikuta oili safi hadi alamani, mtu huyu alilitunza. Ukikuta tope gumu kama udongo wa kufinyangia au bakuli kavu, injini imekuwa ikivuta vumbi la volkano moja kwa moja. Vumbi hilo husaga ringi za pistoni na slivu kama msasa. Angalia pia mpira unaounganisha chujio na injini. Ukiwa na ufa upande wa chini, usafi wa chujio haukusaidia kitu.

Sasa liwashwe. Kwa hali ya hewa ya Boma Ng'ombe au Moshi mjini, Perkins nzima inashika ndani ya sekunde chache za stata bila msaada wowote. Mtu akitoa kopo la dawa ya kupulizia au kitambaa chenye petroli kwenye njia ya hewa, mgandamizo umeshuka au nozeli na pampu zimechoka. Moshi mweupe kidogo mwanzoni ukapotea ndani ya dakika moja haudhuru. Moshi wa bluu usiokoma ni oili inayoungua. Moshi mweusi utausubiri wakati wa kulima. Ukitoka bila mzigo wowote, pampu imechezewa ili trekta lionekane lina nguvu.

Injini ikiwa inanguruma, ondoa kifuniko cha kujazia oili. Mvuke hafifu ni wa kawaida. Ukiona moshi unapigwa nje kwa mapigo, puf, puf, puf, ringi zinapitisha. Mafundi husema injini inapumua. Fundi mwenye geji ya mgandamizo ya dizeli anaweza kuchomoa nozeli moja baada ya nyingine na kupima kila silinda. Silinda zote tatu zikiwa karibu sawa, hata kama zimeshuka kidogo, ni afadhali kuliko mbili nzuri na moja iliyokufa.

Pata pia shinikizo la oili. Geji ya kwenye dashibodi mara nyingi imekufa au imebadilishwa na ya gari dogo, kwa hiyo fundi aje na yake ya kufunga kwenye bloku. Injini ikiwa na moto wa kazi na mwendo wa juu, isome kati ya 30 na 60 psi. Chini ya 30, mara nyingi beringi na krenki zimelika. Hapo muulize muuzaji krenki imeshachongwa mara ngapi. Saizi za kuchonga ni tatu: kumi, ishirini na thelathini, yaani elfu za inchi. Krenki iliyofika thelathini haina safari nyingine ya kwenda kwenye mashine, ni kununua nyingine. Kama muuzaji hana karatasi ya karakana iliyochonga, saizi ya kweli inasomeka mgongoni mwa beringi zenyewe, ila mpaka sampu (bakuli la oili chini ya injini) ishushwe, na muuzaji si lazima akubali hilo kabla ya malipo. Akikubali, hiyo ni dalili nzuri kwake.

Chini ya trekta, kwenye hausing ya klachi, kuna kitundu kidogo chenye pini. Rangi mpya haiwezi kukificha. Oili nyeusi ikidondoka hapo ni sili ya nyuma ya krenki, oili angavu ni sili ya giaboksi. Zote mbili zinahitaji trekta likatwe katikati, injini upande huu na giaboksi upande ule, ili kuzifikia. Kwa hiyo tone hilo dogo lina gharama ya kazi ileile ya kubadilisha klachi. Ukilala hapo chini, pitisha kidole kwenye maungio ya injini na giaboksi na pale ekseli ya mbele inapofungwa. Unatafuta nyufa zilizochomelewa na kufunikwa rangi, na nati zinazong'aa pembeni kwa sababu ya kulegea na kucheza.

Lilimishwe, lisizungushwe tu uani

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokubali kidogo mno. Kuzunguka uani kwa dakika tano hakuonyeshi chochote. Omba plau yoyote, nunua dizeli mwenyewe, na mlime angalau nusu saa kamili, mpaka oili ya giaboksi ipate moto. Trekta la Massey la aina hii linatumia oili moja kwa giaboksi, difu na haidroliki, karibu lita 30, na pampu ya haidroliki imezama humo ndani. Oili ikiwa baridi na nzito, pampu na sili zilizochoka bado hunyanyua plau vizuri. Zinaanguka oili ikiwa nyepesi kwa joto.

Baada ya hiyo nusu saa, nyanyua plau hadi juu, zima injini na utazame saa. Mikono ya lifti ikishuka polepole sana hadi usiione kwa jicho, sawa. Plau ikigusa ardhi ndani ya dakika chache, oili inapita kwenye pistoni ya lifti au kwenye vali. Injini ikiwa inanguruma na plau iko juu, ikawa inadunda kidogo, inashuka na kupandishwa tena kila sekunde chache, ni ugonjwa huohuo. Kuitibu kunahitaji kunyanyua kifuniko kizima cha lifti, kazi ya siku nzima na watu wenye nguvu, ingawa sili zenyewe si ghali. Pampu ikiwa imekufa ndiyo ghali.

Chunguza pia oili yenyewe. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji ya mvua yameingia kupitia mpira wa fimbo ya gia uliochanika, jambo la kawaida kwa trekta linalolala nje. Ikiwa nzito kama asali, mtu amejaza SAE 140 ili kunyamazisha kelele za gia. Oili hiyo haipiti vizuri kwenye pampu, na kelele inayofichwa itarudi siku utakapoweka oili sahihi.

Wakati wa kulima sikiliza gia. Gia inayoruka yenyewe utaijua kwenye mteremko, ukiachia mafuta na injini ikishikilia trekta: fimbo inarudi katikati yenyewe. Klachi ijaribiwe kwa gia ya juu, plau ikiwa ndani ya udongo. Injini ikipanda sauti lakini trekta likapunguza mwendo, klachi inateleza. Kama ni ya klachi mbili, kanyaga nusu: trekta lisimame huku PTO, ile shafti ya nyuma, ikiendelea kuzunguka. Kanyaga hadi mwisho na PTO isimame.

Baadhi ya MF 135 zina Multi-Power, kishikio kidogo cha kubadilisha mwendo wa juu na chini bila klachi. Kwako Kahe tambarare halina madhara makubwa, lakini anayesoma haya akiwa Kibosho, Marangu au miteremko ya Karatu aelewe vizuri: Multi-Power ikiwa upande wa chini, injini haishikilii trekta kwenye mteremko. Trekta linakimbia huru, na tela lenye mzigo linalisukuma. Watu wamepinduka kwa sababu ya kutojua hili. Kushuka ni upande wa juu, na gia ndogo ya kawaida. Ikiwa upande wa juu unateleza ukipata moto, mfumo huo umekwisha, na unatengenezwa kwa gharama kubwa. Kwa bei sawa, chagua lisilo nao.

Breki zipime moja moja, kanyagio la kushoto peke yake kisha la kulia. Ni za ngoma, na upande usioshika mara nyingi umelowa oili kutoka kwenye sili ya ekseli. Mbele, nyanyua kwa jeki na utikise gurudumu: kingpini (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia) na bushi zikilegea, ni kazi ndogo. Usukani ukicheza robo ya mzunguko kabla gurudumu halijageuka, jumlisha na boksi la usukani.

Tairi za nyuma usizipite haraka. Saizi ya kawaida ni 12.4/11-28, na jozi mpya inaweza kuwa matengenezo makubwa kuliko yote kwenye trekta ambalo injini yake ni nzima. Tazama urefu wa meno ukilinganisha na mpya uliyoiona dukani, nyufa za ubavuni, na kama zote mbili ni za aina moja. Tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Mpira wa miaka 20 uliokaa juani unapasuka hata kama meno yake yanaonekana. Rimu zichunguzwe kuzunguka valvu. Tairi zilizojazwa maji ya chumvi ili kuongeza uzito huozesha rimu kuanzia hapo.

Saa zinazoonyeshwa kwenye dashibodi zisikushughulishe. Uchakavu wa kweli umo kwenye kanyagio zilizolika hadi laini, na kwenye matundu ya ndoano na mikono ya lifti yaliyogeuka kutoka duara kuwa yai.

Kadi

Namba ya trekta iko kwenye kibati cha dashibodi, na kibati kinaweza kuhamishwa kwa bisibisi. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku yenyewe. Zote zilingane na kadi halisi, si nakala. Injini ikiwa imebadilishwa, jambo lisilo la ajabu kwa umri huu, mabadiliko hayo yawe yameandikwa TRA kabla hujalipa.

Matrekta mengi ya zamani ya huku yana kadi yenye jina la mtu aliyefariki, la shamba kubwa lililofungwa au la chama cha ushirika. Mtoto wa marehemu hana uwezo wa kukuuzia kwa kuwa tu trekta liko uani kwake. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua yake mkononi. Ukikubali "tutashughulikia baadaye", umenunua kesi ya familia nzima. Uliza pia kama trekta halijawekwa dhamana ya mkopo. Mkataba ufanyike mbele ya wakili, malipo yapite benki, na ada ya dalali ijulikane mapema inatoka kwa nani. Umiliki uhamishwe TRA mara moja.

Hesabu yenyewe

Tafuta kwanza bei tatu za MF 135 zinazolima kweli, kutoka kwa watu watatu tofauti, Arusha, Babati au popote. Chukua bei zilizolipwa, si zilizotajwa. Kisha chukua orodha ya fundi wako uende nayo madukani upate bei za spea za siku hiyo, na ukubaliane naye ujira. Namba ninazoweka hapa ni za mfano tu, za kuonyesha njia. Zako zitatoka dukani.

Tuseme zile zinazolima vizuri zinauzwa milioni 17. Hili la Boma Ng'ombe injini yake imekutwa nzima, lakini linahitaji tairi mbili za nyuma, milioni 2.4. Klachi pamoja na sili ya nyuma ya krenki na kazi ya kulikata, laki 9. Nozeli na kupima pampu, laki 7. Sili za lifti na oili yake, laki 5. Kingpini na bushi, laki 2 na nusu. Betri, laki 2 na nusu. Jumla ni milioni 5. Ongeza asilimia 20 kwa yale yasiyoonekana, inakuwa milioni 6. Milioni 17 ukitoa 6 unabaki na 11. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa ya kulipa, na mazungumzo yaanzie chini yake. Kusafirisha na kuhamisha umiliki viko juu ya hapo.

Injini ikiwa inapumua au shinikizo la oili liko chini, usikate "kidogo kwa ajili ya ringi". Weka ovahoo nzima: slivu, pistoni, ringi, beringi, gasketi zote, kuchonga krenki, kazi ya hedi na ujira, na asilimia ya yasiyoonekana ipandishe hadi 30. Ringi mpya ndani ya slivu zilizolika ni fedha iliyotupwa, msimu mmoja tu na moshi wa bluu unarudi. Ikiwa kinachobaki baada ya hapo ni pungufu ya nusu ya bei anayotaka, mshukuru na uondoke, maana hamtafika.

Mpe muuzaji orodha yako aione, na bei za duka pembeni. Muuzaji mwenye akili hushindana na kauli kama "hii bei kubwa", lakini hana la kusema mbele ya tairi zenye nyufa na bei ya tairi mpya. Kama unaweza kusubiri, usinunue Januari na Februari, wakati kila mtu anajiandaa kwa masika. Baada ya msimu, trekta lililokaa bila kazi huku mwenyewe akihitaji ada za shule huzungumzika zaidi. Plau ikitajwa kama nyongeza, ipe bei yake peke yake: shika diski uzitikise, beringi zake zikilegea na diski zikiwa zimepungua kipenyo sana, ni chuma chakavu.

Weka fungu kwa ajili ya fremu ya kinga juu ya kiti. Mengi ya matrekta haya yalitoka kiwandani bila fremu, na trekta likipinduka linamwangukia dereva. Fremu iwe imetengenezwa kwa vipimo na kufungwa kwenye hausing ya ekseli. Bomba la maji lililochomelewa kwenye madigadi linampa dereva imani tu, halimkingi. CAMARTEC pale Arusha ni kituo cha serikali cha zana za kilimo, na ni mahali pa kuanzia kuuliza.

Ukishalinunua, kabla halijaingia shambani, mwaga oili zote mbili. Injini inachukua karibu lita 7 pamoja na chujio, 15W-40 ya dizeli inatosha. Giaboksi na haidroliki weka oili maalumu ya matrekta inayohudumia vyote viwili, zile lita 30, na usafishe kichujio cha pampu ya haidroliki. Badilisha vichujio vya dizeli, kisha utoe hewa kwa utaratibu huu: legeza skrubu ya juu ya kichujio, piga kwa mkono kile kishikio cha pampu ndogo mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Fanya hivyo kwenye skrubu mbili za pampu ya CAV, ya chini kwanza kisha ya juu. Legeza nati za mabomba kwenye nozeli zote tatu, rudisha kitasa cha kuzimia ndani, fungua mafuta hadi mwisho na piga stata. Dizeli ikiruka kwenye kila nati, kaza moja baada ya nyingine, na injini itashika kabla hujamaliza ya tatu.